Dirisha lisilo na fremu: Mvutano kuhusu ukanda wa juu wa programu za wavuti

Kwa miaka kadhaa sasa kampuni zinazotengeneza vivinjari vya intaneti zimekuwa zikilegeza, hatua kwa hatua, mojawapo ya kanuni kongwe za usalama wa kompyuta. Kanuni hiyo yasema kwamba ukanda wa juu wa dirisha, wenye jina la programu na vitufe vya kulipunguza, kulipanua na kulifunga, ni mali ya kompyuta yenyewe wala hauguswi na tovuti yoyote.

Mwaka 2022 vivinjari vya Chrome na Edge viliziruhusu programu za wavuti zilizosakinishwa kwenye kompyuta kuchora zipendavyo karibu ukanda wote huo, vitufe pekee vikibaki mikononi mwa mfumo. Google ikaandaa pia hatua iliyo kubwa zaidi: dirisha lisilo na fremu wala ukanda kabisa, ambamo hata kitufe cha kufunga huchorwa na programu.

Jambo hili laweza kuonekana kuwa la mafundi peke yao. Hata hivyo linamhusu mkazi wa Logiri, kaunti ndogo ya wilaya ya Arua kaskazini-magharibi mwa Uganda, anayeomba namba ya mlipa kodi kwenye tovuti ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA. Linamhusu wakala wa forodha anayejaza hati za mizigo inayopita Vurra kuelekea Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, au Oraba, wilayani Koboko, kuelekea Sudan Kusini. Linamhusu mzazi anayemwombea mwanawe pasipoti kupitia mtandao. Wote hao huhudumiwa ndani ya kivinjari, na ukingo wa dirisha la kivinjari hicho ndio unaowajulisha wanazungumza na nani.

Ukingo una kazi gani?

Ukanda wa juu wa dirisha ulienea kwa watumiaji wa kawaida kupitia kompyuta za Macintosh za mwaka 1984 na mfumo wa Windows uliotolewa mwaka uliofuata. Wakati huo kazi yake ilikuwa ndogo: kumwonyesha mtu jina la waraka alioufungua na kumpa mahali pa kushika ili alisogeze dirisha. Kila programu iliyokuwa kwenye kompyuta ilikuwa imewekwa na mwenyewe, mara nyingi kutoka katika diski aliyoinunua, na hapakuwa na haja ya kuuliza imetoka wapi.

Intaneti ilibadili maana ya ukanda huo. Mtu anapofungua tovuti, huruhusu msimbo ulioandikwa na mtu asiyemjua uendeshwe kwenye kompyuta yake hapo hapo, bila kuusakinisha wala kuukagua. Kinachomkinga ni mgawanyo wa skrini: sehemu ya chini ni ya tovuti, nayo huweza kuchora humo chochote itakacho, nembo ya benki ikiwemo, sehemu ya juu ni ya kivinjari, na huandikwa tu yale ambayo kivinjari kimeyathibitisha. Mhandisi Eric Lawrence, aliyewahi kufanya kazi katika timu za Internet Explorer na Chrome, aliuita mpaka huo "mstari wa mauti" katika makala yake ya mwaka 2017. Yaliyo juu ya mstari yaaminiwe. Yaliyo chini yake yatiliwe shaka.

Jijini Dar es Salaam, "fremu" ni chumba cha duka kinachopangishwa, na mfano huo unafaa hapa kuliko ule wa dirisha la nyumba. Mpangaji hupaka kuta za ndani rangi aipendayo na kupanga rafu kwa namna anayoona inafaa biashara yake. Namba ya nyumba iliyobandikwa nje si yake kuibadili. Mteja aliyeelekezwa kwa namba hiyo atafika mahali sahihi hata kama duka la jirani limepakwa rangi zile zile.

Namba hiyo, kwa lugha ya intaneti, ni anwani ya tovuti. Nchini Uganda taasisi za serikali hutumia anwani zinazoishia kwa "go.ug": ya URA ni ura.go.ug, ya maombi ya pasipoti ni passports.go.ug. Neno lenye uzito ni "kuishia". Anwani husomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo, na tovuti ya kitapeli yaweza kuweka herufi "go.ug" katikati ya jina refu ambalo mwisho wake ni wa mtu mwingine kabisa. Asiyeuona upau wa anwani hana namna ya kufanya ukaguzi huo, hata awe msomaji makini kiasi gani.

Madai ya watengenezaji wa programu

Wanaotaka ukanda uondolewe wana hoja nzito, na si haki kuwachukulia kama watu wanaojali urembo tu.

Hoja ya kwanza ni ya nafasi. Kwenye kompyuta mpakato yenye skrini ya pikseli 1366 kwa 768, ukanda wa takriban pikseli 30 humeza karibu asilimia 4 ya kimo cha skrini. Ukijumlisha upau wa anwani, vichupo na upau wa chini wa Windows, anayejaza jedwali refu la takwimu hubaki na sehemu ndogo ya kufanyia kazi. Vituo vya afya vya Uganda, vya Arua na Koboko vikiwemo, vimekuwa vikiwasilisha takwimu zao kupitia DHIS2, mfumo wa wavuti uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na kuenezwa nchini kote mwaka 2012. Mashirika mengi ya misaada hukusanya taarifa kwa KoboToolbox, ambayo fomu zake huweza kujazwa ndani ya kivinjari hata mtandao unapokatika. Kwa wanaoshinda siku nzima mbele ya fomu za aina hiyo, kila mstari unaoonekana bila kushusha ukurasa ni nafuu.

Hoja ya pili ni ya usawa. Programu za kawaida za kompyuta, zile zinazopakuliwa na kusakinishwa, zimekuwa huru kwa miaka mingi kuuondoa ukanda wa mfumo na kuweka wao mahali pake. Slack na Visual Studio Code hufanya hivyo. Na hapa pana kinaya ambacho watengenezaji hawachoki kukitaja: programu hizo mbili zimeandikwa kwa lugha za wavuti, kisha zikafungashwa kwa zana iitwayo Electron ili zionekane kuwa programu za kawaida. Msimbo ule ule ukipakuliwa kama faili la kusakinisha, hupewa uhuru wa kuchora dirisha zima na hata kusoma mafaili ya mwenye kompyuta. Ukiendeshwa ndani ya kivinjari, ambamo umezuiwa kugusa karibu kila kitu, hunyimwa pikseli 30.

Kinaya hicho ni cha kweli. Lakini chaweza kusomwa kinyume pia. Programu ya wavuti hunyimwa ukanda kwa sababu ni rahisi mno kuipata: hatua moja, kubofya kiungo, yatosha. Wepesi huo ndio uliowavutia watu tangu mhandisi Alex Russell na mbunifu Frances Berriman walipoanza, mwaka 2015, kutumia jina la pamoja kwa programu za wavuti zinazoweza kusakinishwa na kufanya kazi bila mtandao. Mwaka 2017 Twitter ilitoa programu ya aina hiyo iliyohitaji chini ya megabaiti 1 ya nafasi. Nchini Uganda, ambako tangu Julai 2021 data ya intaneti hutozwa ushuru wa asilimia 12, faida ya programu nyepesi haihitaji maelezo marefu.

Miaka karibu 30 ya hila

Wataalamu wa usalama wanapopinga kuondolewa kwa fremu, hawazungumzi kwa nadharia. Kila mara kivinjari kilipoachia sehemu ya ukingo wake, kuna aliyeitumia kudanganya.

Mapema kabisa, mwaka 1996, Edward Felten na wenzake wa Chuo Kikuu cha Princeton walieleza jinsi tovuti inavyoweza kuuficha upau halisi wa anwani na kuchora wa bandia mahali pake, ili mtumiaji aone jina la tovuti aliyoitaka huku kila anachokiandika kikipitia mikononi mwa mwingine. Vivinjari vya enzi hizo viliruhusu ukurasa wowote kufungua dirisha jipya lisilo na upau wa anwani, na kwa Internet Explorer iliwezekana hata kufungua dirisha linalofunika skrini nzima. Matangazo yasiyofungika na kurasa bandia za benki vilishamiri.

Microsoft ilifunga mlango huo kwa awamu mbili. Nyongeza ya pili ya Windows XP, iliyotolewa Agosti 2004, ililazimisha madirisha yanayofunguliwa na tovuti yabaki na ukanda wa juu na yasivuke mipaka ya skrini. Internet Explorer 7 ya mwaka 2006 ikaweka upau wa anwani katika kila dirisha, tovuti itake isitake. Kwa muda fulani ilionekana kwamba suala limekwisha.

Halikuisha. Vivinjari vilipoanza kuruhusu video kujaza skrini yote, mhandisi Feross Aboukhadijeh alionyesha mwaka 2012 kwamba ruhusa ile ile yaweza kutumika kuchora kivinjari kizima cha bandia, ukanda, anwani na alama ya kufuli vikiwemo. Ndiyo maana leo onyo hutokea juu ya skrini kila tovuti inapoijaza.

Machi 2022 mtafiti anayejulikana kwa jina la mtandaoni mr.d0x alieleza hila iliyo rahisi zaidi. Tovuti nyingi humtaka mtu aingie kwa akaunti yake ya Google au Facebook, na kidirisha kidogo hutokea kwa ajili hiyo. Mr.d0x alikichora kidirisha hicho ndani ya ukurasa wa kawaida, kikiwa na ukanda wa juu, vitufe na anwani sahihi ya Google. Hakikuwa dirisha, kilikuwa picha ya dirisha. Katika mwezi huo huo Google iliripoti kwamba kundi la wadukuzi lililohusishwa na Belarus lilikuwa limeanza kuitumia mbinu hiyo.

Kuna namna moja ya kukigundua kidirisha cha namna hiyo: kukivuta hadi nje ya kingo za kivinjari. Cha kweli hutoka, cha bandia hukwama ukingoni. Njia hiyo hufaulu kwa sababu fremu ya nje bado ipo. Programu ikiruhusiwa kuiondoa fremu ya nje pia, kipimo hicho hupotea.

Simu ilitangulia

Mjadala huu huzungumzwa kana kwamba ni wa kompyuta za mezani, ilhali kwa watu wengi wa Afrika Mashariki fremu ilikwisha kuondoka zamani. Simu haina ukanda wa dirisha. Tovuti ikiongezwa kwenye skrini ya mwanzo na kufunguliwa kutoka hapo, upau wa anwani hutoweka, na kinachobaki ni ukanda wa saa na betri. Mwenye tovuti huomba hali hiyo kwa neno moja tu katika faili la maelezo ya programu yake.

Hata ndani ya kivinjari chenyewe upau wa anwani hujificha mtu anaposogeza ukurasa, ili nafasi ipatikane. Aprili 2019 mtengenezaji wa programu James Fisher alionyesha hatari ya jambo hilo. Ukurasa wake ulingoja Chrome ya simu ifiche upau halisi, kisha ukachora upau wa bandia wenye anwani ya benki ya HSBC, na kumzuia mtumiaji asiweze kuurudisha ule wa kweli kwa urahisi.

Waliohadaiwa kwa njia inayokaribiana na hiyo ni watu halisi. Agosti 2024 kampuni ya usalama ya ESET ilichapisha taarifa kuhusu matapeli waliowalenga hasa wateja wa benki nchini Czech, pamoja na wa benki moja ya Hungary na moja ya Georgia. Mteja alipigiwa simu ya mashine, alitumiwa ujumbe mfupi au alionyeshwa tangazo kwenye mitandao ya kijamii, akielekezwa kusasisha programu ya benki yake. Alichosakinisha kilikuwa tovuti iliyovaa nembo ya benki. Kwa kuwa ilikuwa programu ya wavuti, simu ya Android haikutoa onyo la kawaida kuhusu programu zisizotoka katika duka rasmi. Na katika baadhi ya simu, ukurasa wa maelezo ya programu ulisema imetoka Google Play. Mteja alipoandika nywila, hapakuwa na upau wa anwani wa kumwambia yuko wapi.

Hakuna kinachozuia mbinu hiyo kusafiri. Mfumo wa Android ni ule ule, na kiungo cha WhatsApp hufika Koboko kwa kasi ile ile kinachofika Prague. Sheria ya Uganda ya matumizi mabaya ya kompyuta ya mwaka 2011 huutaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa la jinai, lakini sheria humfuata mkosaji baada ya fedha kuondoka.

Yafaa kulinganisha na huduma za fedha kwa simu za kawaida. Mteja wa MTN nchini Uganda hubonyeza *165#, wa Airtel *185#, na maandishi yanayotokea hayana nembo, kufuli wala anwani. Kwa sura, hapana kitu kinachoweza kuigizwa kwa wepesi zaidi. Hata hivyo njia hiyo ina kinga ambayo dirisha la kivinjari halina: mteja ndiye aliyeipiga namba, tena namba anayoijua kwa moyo. Hakupelekwa kwa kiungo. Matapeli wa fedha za simu wanalijua hilo, na kwa sababu hiyo hupendelea kumpigia mtu na kumwomba namba ya siri kwa mdomo kuliko kuigiza maandishi.

Nani apewe ruhusa?

Masharti yaliyowekwa na watengenezaji wa vivinjari yanaonyesha kwamba historia hiyo haikusahauliwa.

Kwa hatua ya mwaka 2022, ile inayoachia ukanda huku vitufe vikibaki, programu sharti iwe imesakinishwa kwanza kwenye kompyuta. Inapofunguliwa, anwani ya tovuti ilikotoka huonekana juu kwa sekunde chache. Mtumiaji hupewa kitufe kidogo cha kuurudisha ukanda wa kawaida. Na programu ikimpeleka mtu kwenye tovuti nyingine, kivinjari huurudisha ukanda chenyewe pamoja na anwani ya huko. Toleo la wavuti la Visual Studio Code ni miongoni mwa zilizoitumia nafasi hiyo.

Hatua ya pili, ya kuondoa fremu yote, imezungushiwa ua mrefu zaidi. Haitolewi kwa tovuti ya kawaida kabisa. Hutolewa kwa programu za wavuti zilizotengwa, yaani zile ambazo msimbo wake wote umefungwa katika kifurushi kimoja na kutiwa saini ya kidijitali, badala ya kupakuliwa upya kutoka kwenye seva kila zinapofunguliwa. Tena mtumiaji huombwa ruhusa ya usimamizi wa madirisha. Programu hizo zilianza kutolewa kwenye kompyuta za ChromeOS zinazosimamiwa na taasisi, ambako fundi wa taasisi ndiye huamua kipi kisakinishwe. Matumizi yaliyokusudiwa zaidi ni ya kompyuta ya mbali: mfanyakazi aliye mbele ya mashine ndogo hutumia programu inayoendeshwa kwenye seva ya ofisi, na dirisha lenye fremu mbili, ya huku na ya kule, lingemchanganya.

Mpango huo una busara, kwa kuwa hautenganishi tovuti nzuri na mbaya kwa sura yake. Hutazama kama kuna mtu aliyeweka saini na mwingine aliyekubali kuwajibika. Udhaifu wake uko kwenye kibali cha mtumiaji. Katika miji mingi ya Uganda, Arua ikiwemo, kazi ya kujaza fomu za serikali hufanywa mara nyingi na watu wa vibanda vya kuchapa na kunakili, kwa niaba ya wateja wanaoketi kando. Anayebofya "ruhusu" kwenye kompyuta ya kibanda si yule ambaye namba yake ya kitambulisho inaandikwa, na programu iliyosakinishwa leo kwa mteja mmoja hubaki hapo kwa wateja wote watakaofuata. Kibali kilichobuniwa kwa kompyuta ya mtu mmoja hakina jibu kwa hali hiyo.

Njia ya ukaguzi bado ipo kwa anayeijua. Katika Chrome ya kompyuta, programu ya wavuti iliyosakinishwa huwa na kitufe cha nukta tatu kwenye ukanda wake. Kikibofywa, orodha inayofunguka huonyesha anwani ya tovuti ilikotoka. Orodha hiyo huchorwa na kivinjari, na programu haiwezi kuibadili. Katika dirisha lisilo na fremu, kitufe hicho hakipo mahali pake pa kawaida, na mtumiaji hubaki na neno la fundi aliyeisakinisha.

Kwa tovuti za serikali kama ya URA, ya pasipoti au ya mfumo wa forodha wa Uganda unaojulikana kwa jina la Dirisha Moja la Kielektroniki, hakuna haja ya kusakinisha chochote kilichotumwa kwa ujumbe. Anwani huandikwa kwa mkono katika kivinjari cha kawaida, na mwisho wake husomwa kabla ya nywila kuandikwa.